Siku Niliyopandishwa Mzani Uwanja wa Ndege

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Sisemi kwa majivuno, natoa taarifa. Shule niliishia darasa la nne, biashara nikaianza na mbuzi mmoja mwenye chongo, na leo nina nyumba ya vigae Nkuhungu, hapa Dodoma, na malori mawili, na watu wenye shahada zao wananisubiri mnadani niwaambie ng'ombe huyu ana kilo ngapi. Simgusi. Namzunguka mara moja, natazama kifua na nyonga, nasema mia mbili na arobaini. Akipandishwa kwenye mzani anasoma mia mbili na arobaini, au arobaini na moja kama amekunywa maji. Nimeona watu wakimlambisha ng'ombe chumvi ili anywe ndoo tatu kabla ya kupimwa. Mtu aliyeona hayo utamshangaza na nini?

Binti yangu wa kwanza, aliyesoma chuo kule Chimwaga, alipata kazi ya uhasibu kwenye hoteli moja Unguja, na huko huko akapata mchumba. Nikaambiwa ndoa ifungwe kisiwani kwa sababu bibi yake bwana harusi ni mgonjwa wa miguu na anataka kuishuhudia. Nikakubali, maana mimi ni mtu mwelewa, na pia binti alikuwa ameshakubali kabla yangu.

Sasa, kwetu Waislamu baba ndiye walii. Ndiye anayekaa uso kwa uso na bwana harusi, akamshika mkono, akatamka kwamba nimekuoza binti yangu. Asipokuwepo anaweza kumpa mtu mwingine uwakala, amtamkie. Na huyo mtu mwingine kwetu anajulikana. Ni mdogo wangu, mwalimu, mtu wa kusoma, mtaratibu, anayefika kila mahali nusu saa kabla. Siku ya mahafali ya binti yangu mimi nilikuwa mnadani na ng'ombe sitini, nikasema nitawahi. Sikuwahi. Picha ya mahafali ipo ukutani sebuleni kwangu, kubwa, nimeilipia fremu mwenyewe. Ndani yake wapo watu wawili, binti yangu na mdogo wangu. Wageni wakiiona wananiambia umebadilika sana.

Kwa hiyo nilimwahidi binti kwa simu: hii ya sasa nitatamka mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Familia yote iliondoka Jumatano kwa basi, halafu boti. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, twende wote." Nikamwambia watu wenye shughuli hawakai kwenye basi kutwa nzima. Mimi ningeruka Ijumaa asubuhi na ile ndege ndogo ya abiria kumi na wawili inayotoka hapa Dodoma moja kwa moja hadi kisiwani. Wanaoipanda ni maofisa wanaokwenda kupumzika baharini mwisho wa wiki, na kofia zao za majani. Inaondoka saa mbili na robo. Ndoa ilikuwa baada ya sala ya Ijumaa. Hesabu nzuri kabisa.

Wakati wa kukata tiketi, binti wa ofisini aliniuliza kwenye simu, "Baba, una kilo ngapi?"

Nikajibu themanini.

Hapa nieleze. Mimi nimekuwa mnunuzi miaka ishirini na sita. Mnunuzi akiulizwa uzito anataja pungufu. Muuzaji anataja zaidi, wanavutana, wanakutana katikati. Siyo uongo, ni mwanzo wa mazungumzo. Mdomo umeshazoea, hata daktari akiniuliza nataja pungufu. Nilitegemea yule binti aseme mia, tuvutane. Akasema, "Asante baba, na mzigo usizidi kilo kumi na tano," akakata simu.

Katika ukoo wetu, kule Kondoa, baba wa bibi harusi haendi kwa wakwe bila asali. Nikafunga dumu la lita kumi, ambalo asali yake ni kilo kumi na nne, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji, jambo ambalo wasomi wengi hawalijui. Lakini dumu moja kwa mtu kama mimi ni aibu. Nikavaa lile koti langu refu la baridi ya Julai, nikatia chupa sita za lita moja kwenye mifuko, tatu kulia, tatu kushoto. Mzigo unapimwa, koti halipimwi. Nikaingia uwanjani natembea polepole kama mtu mwenye heshima zake, na kweli nisingeweza kutembea haraka.

Uwanja wetu haukusumbui kwa ukubwa. Ukishuka kwenye bodaboda umeshafika. Dumu likapimwa, kumi na nne na nukta mbili. Nikamtazama yule binti wa mezani kama mtu aliyezoea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Na wewe sasa, panda hapa."

"Wapi?"

"Kwenye mzani. Ndege ndogo tunampima kila abiria."

Watu wazima walikuwa wamepanga foleni wanapimwa mmoja mmoja, kimya, na kofia zao za majani. Sikushangaa. Niliuliza tu mara tatu kama ana hakika.

Mzani ukasoma mia moja na kumi na tisa.

"Baba, hapa umeandikwa themanini."

"Mzani wako mbovu," nikasema. "Nimefanya kazi na mizani kabla hujazaliwa. Leta kitu chenye uzito unaojulikana."

Akainama, akabeba chupa moja kati ya zile kubwa za maji ya ofisini, za lita ishirini, haijafunguliwa, akaiweka. Ikasoma ishirini na nukta saba. Chupa yenyewe ina uzito wake.

"Koti lina nini?" akauliza.

Nikazitoa chupa moja moja, nikazipanga mezani. Foleni yote ikahesabu kwa sauti. Ya sita ilipotoka mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Nikapanda tena. Mia moja na kumi.

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia, basi hata hawa wengine wamedanganya, wapime tena. Nikamtazama bwana mmoja wa fulana ya maua, nikasema huyu sabini na sita. Yule binti akaangalia karatasi yake: sabini na sita. Mama mmoja mwenye kreti la zabibu nikampa themanini na tatu. Akasoma: themanini na tatu.

"Wewe!" yule mama akasema. "Mume wangu mwenyewe hajui hiyo, unaitangaza uwanjani?"

"Jicho lako zuri sana, baba," yule binti akasema. "Wote walisema kweli. Sasa jitazame na wewe kwenye kioo cha mlango ule, utaje."

Nikajitazama. Kwa haki kabisa, ningekuwa nanunua, ningesema mia moja na kumi. Nikamwambia kioo hakioneshi nyonga.

Rubani akaja, mwanamke mrefu mwenye shati la mikono mifupi, hana maneno mengi. Akasoma karatasi. Akaeleza kwamba Dodoma iko juu, hewa yake nyepesi, jua likipanda ndege inahitaji kukimbia njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka, na njia yetu ina mwisho. Walikuwa wamenihesabia themanini za mwili na kumi na tano za mzigo. Kilo tisini na tano.

"Acha chupa na dumu," akasema.

"Ni asali ya wakwe."

"Ukiacha vyote, wewe peke yako, mikono mitupu, umezidi kilo kumi na tano. Ndege imejaa mpaka kilo ya mwisho. Saa mbili na robo naondoka. Nyingine ni kesho."

Simu ikaita. Mdogo wangu.

"Kaka, shikamoo. Umeshapanda?"

"Nipo kwenye taratibu."

"Usijali hata kidogo. Kukitokea lolote nipe uwakala kwa simu, mimi nimeshavaa kanzu." Saa mbili kasoro kumi asubuhi, ndoa ni mchana. "Na yale maneno ya Kiarabu nimeyakariri, ili yasikwame."

Nikaona ukuta wa sebuleni kwangu. Nikaona msumari wa pili.

Nikageukia foleni. Nikasema, jamani, mimi ni baba wa bibi harusi, naomba anayeweza kuacha kilo kumi na tano. Bwana wa fulana ya maua akasema yeye ana begi la kilo nne, na humo ndimo ilimo nguo yake ya kuogelea. Wengine wakatazama viatu. Yule mama wa zabibu akanyamaza, na mimi najua kimya cha muuzaji.

"Kreti lako lina ngapi, mama?" nikamuuliza.

"Hukulitazama? Taja mwenyewe."

"Kumi na tano."

"Kumi na tano kamili. Nampelekea dada yangu, ana mgahawa kule kisiwani."

"Nakupa elfu tatu kwa kilo. Bei ya Dodoma."

"Baba wee, hizi zimeshaanza safari. Hizi ni za Unguja. Elfu kumi."

"Elfu nne."

"Elfu kumi."

"Mama, tunatakiwa tuvutane."

"Vuta tu," akasema. "Mimi nitapanda ndege hata hivyo."

Rubani akatazama saa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikalipa bei ya kwanza iliyotajwa. Yule mama akahesabu noti mara mbili, akaniambia hongera ya harusi.

Zabibu zisingengoja nirudi, nikawapa wapagazi. Ndege ilipokuwa inageuka niliwaona kwenye dirisha, watatu, wamekaa juu ya toroli wanakula shilingi laki moja na nusu yangu na kutema mbegu. Mmoja akanipungia mkono. Dumu na chupa binti wa mezani aliahidi kunitunzia, na niseme ukweli wake, niliporudi nilivikuta vyote, vimebandikwa karatasi ya uzito.

Nilifika. Mdogo wangu alinipokea na kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Akanitazama, akatazama mikono yangu.

"Karibu kaka. Asali iko wapi?"

"Inakuja," nikasema.

Kabla ya sala nilizunguka madukani kwenye vichochoro vya watalii mpaka nikaipata, vichupa vya gramu mia mbili vilivyofungwa kitambaa na utepe shingoni. Elfu kumi na mbili kimoja. Nikamuuliza muuzaji kama hii ni asali kweli.

"Mzee, hii ni ya bara, inatoka Kondoa," akasema. "Unapajua?"

Nikamwambia nimewahi kupasikia. Nikachukua ishirini na nne, na kikapu cha ukindu cha kuvitia. Wakwe walifurahi sana, hasa kwa ule utepe.

Baada ya sala nilikaa kwenye mkeka, nikamshika mkono yule kijana, mkono mwembamba, kilo sitini na mbili yule, nikatamka. Kiarabu kilikwama mara moja. Mdogo wangu, aliyekaa nyuma yangu, akaninong'oneza neno moja, nikamalizia mwenyewe. Binti alikuwa chumba cha pili, na nikaambiwa alisikia sauti na akajua ni yangu, kwa sababu nilikuwa napiga kelele kama nipo mnadani.

Picha imeshatundikwa ukutani. Nimo. Mdogo wangu pia yumo, pembeni, kanzu ile ile. Nikipiga hesabu ya kuwemo, tiketi siihesabu, tiketi ni safari. Zabibu ambazo sikuzila, laki moja na hamsini elfu, asali ya kwetu laki mbili themanini na nane elfu, kikapu elfu saba na mia tano. Jumla, shilingi laki nne arobaini na tano elfu na mia tano.