Pazia la Wanawake Wanne

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile aliyokuja Zuhura na mkasi. Nimesikia wewe na wenzako mmekodi chumba huko Vuga, mnachora picha moja kwa mikono mingi, na kwamba juzi mmegombana hata mmoja wenu kaondoka na brashi zake. Sikukuita nikukanye. Kaa hapa, unywe chai yako, nikueleze yaliyotupata sisi.

Tulikuwa wanawake wanne. Mkubwa wetu alikuwa Bi Raya, mjane wa Kajificheni, na ukumbi wake wa ghorofani ndio tuliokuwa tukifanyia kazi. Yeye alichora mistari ya mwanzo kwa mkaa. Rukia, mzaliwa wa Bububu, alichora majani na miti. Mumewe Vuai alikuwa mchukuzi bandarini, na walipanga chumba kimoja Malindi. Zuhura, mke wa mwenye duka, alichora mapindo, yale maua na vidaka vinavyozunguka pembeni, na mkono wake ulikuwa umetulia kama umewekwa juu ya jiwe. Mimi nilikuwa wa rangi. Nilikuwa bado sijaolewa, nikiishi kwa kaka yangu.

Zuhura na Rukia walikuwa majirani. Milango yao ilitazamana uchochoro mmoja, na kwa Bi Raya walikuwa wakija pamoja na kurudi pamoja, buibui moja nyuma ya jingine, wakicheka njia nzima mpaka watu wazima wanawatazama.

Mwaka ule kikundi kimoja cha taarabu cha wanawake kilituomba tukichoree pazia la ukumbini. Tulilitandika sakafuni, kitambaa cha pamba, marekani nyeupe pana, tukavua viatu na kuingia juu yake kwa magoti. Watu wa pichani tuliwachora migongo tu. Bi Raya hakutaka nyuso. Na alikuwa na sharti moja: mstari ukishautia kwenye kitambaa, si wako tena. Mwenzako anaweza kuupitia juu, kuugeuza au kuufuta kabisa. Mwanzo nilikuwa nikichukia. Nikishinda mchana kutwa natia buluu, kesho nakuta Rukia kashusha tawi la mkarafuu katikati yake. Lakini nikirudi nyuma hatua chache nikatazama, naona kweli lile tawi lilikuwa na haki ya kuwapo pale.

Basi ndiyo ilikuwa miaka ya siasa. Nyinyi mmesoma vitabuni, sisi tuliila na kuilala. Watu waligawana maduka, visima na hata misikiti. Harusi ya huyu yule hendi, mgonjwa wa yule huyu hamtazami. Mume wa Zuhura alikuwa mkubwa katika tawi la chama kimoja, na Vuai alikuwa na kadi ya chama kingine. Wao wawili hawakuwahi kugombana hata siku moja, maana hata kusalimiana walikuwa wameacha.

Zuhura akaanza kuja peke yake. Kisha akaja mara moja moja. Kisha hakuja kabisa, na pazia lilikuwa limebakia kidogo tu kumalizika.

Ndipo akaja na mkasi. Ilikuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri, sisi watatu tumo kazini. Alisimama mlangoni hakuvua viatu.

"Shikamoo Bi Raya."

"Marahaba. Karibu, ingia."

"Sikai. Nshaambiwa nije nichukue changu."

Bi Raya akaweka mkaa chini. "Chako kipi?"

"Pindo. Mume wangu hataki kazi ya mkono wangu itundikwe pamoja na ya watu wale."

Rukia alikuwa amepiga magoti palepale karibu na miguu yake, brashi mkononi. Alikuwa mja mzito, tumbo limeshamshuka. Akasema, "Zuhura, watu wale ni mimi."

Zuhura aliinama akashika ukingo wa kitambaa. Bi Raya akamwambia kwa upole, "Sikuzuii. Nionyeshe tu chako kinaishia wapi, ukikate hapo."

Alitafuta, mwanangu. Nilimwona akitafuta. Majani ya Rukia yalikuwa yameshaingia katika vidaka vyake, na rangi yangu imepita juu ya vyote viwili. Hakupaona. Basi akakata vivyo hivyo, upande mmoja wote wa pazia, na majani ya Rukia yakaenda naye. Alipomaliza alikunja kile kipande akakitia chini ya buibui. Mkono ule uliokuwa hautikisiki ulikuwa umekata upogo.

Rukia hakulia. Alirudi kwenye tawi alilokuwa akilichora, akalimaliza.

Haukupita muda mrefu uchungu ukamshika. Mama yake alikuwa ameshakuja kutoka Bububu kumngojea. Mtoto alizaliwa asubuhi, mzima, mwanamke. Lakini damu ya Rukia haikukatika. Vuai alikuwa melini, akapelekewa habari. Wachukuzi wenzake wakaja na mkokoteni, wakamlaza juu ya godoro, wakamkimbiza hospitali kupitia vichochoro vile unavyovijua. Hakufika. Walimgeuza njiani wakamrudisha.

Mimi nilipata habari kutoka kwa Bi Raya. Kaka yangu akanikataza kutoka. Alisema, "Nyumba ile si ya watu wetu. Ukienda, watu watasema mimi ndiye niliyekutuma." Nikamwambia naenda kumwosha mwenzangu, na akitaka anifungie mlango nikirudi. Hakunifungia, lakini hatukusemezana kwa muda mrefu.

Nyumba ilikuwa kimya. Unajua nyumba ya msiba ilivyo, watu hujaa mpaka barazani. Siku ile wanawake wa vyumba vingine walikuwa wamefunga milango yao. Wanaume wachache wa bandarini walikaa nje na Vuai. Ndani alikuwamo mama yake Rukia, mtoto mapajani, na Bi Raya anachemsha maji mwenyewe.

"Tuko wachache," Bi Raya akaniambia. "Nenda hapo mbele, mwite Zuhura."

Nikavuka uchochoro nikabisha. Nilimsikia akija mpaka nyuma ya mlango. Nikamwambia, "Rukia kafariki. Bi Raya anakuita tukamwoshe." Zuhura akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie siwezi. Mume wangu yumo ndani."

Basi tukamwosha sisi. Bi Raya ndiye aliyeosha, mimi nikimimina maji, na mama mtu akamkabidhi Vuai mtoto, akaja kumshikilia mwanawe. Chini ya kucha za Rukia kulikuwa na rangi ya kijani iliyoganda. Lazima itoke, maji yafike mwilini. Bi Raya akachonga kijiti, akaisafisha kucha moja moja, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza.

Arubaini ilipokwisha, Zuhura alikuja kwa Bi Raya na kile kipande cha pindo. Alikuwa amekonda. Alitaka akishone mahali pake, na alitaka asamehewe. Bi Raya akamwambia, "Hukunikosea mimi. Nenda Bububu kwa mama yake Rukia." Kisha akaniangalia. "Na wewe mfuate. Njia ile haendi mtu peke yake."

Tukapanda gari la abiria la kwenda shamba. Njia nzima alishika kile kitambaa mapajani.

Mama yake Rukia alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa. Mjukuu alikuwa amelala mkekani. Zuhura akaanza kuomba radhi, maneno hayatoki sawasawa. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema:

"Wewe ndiye Zuhura? Siku ile damu ilipozidi, mwanangu alikutaja. Alisema, mwiteni Zuhura, mumewe ana gari. Mimi ni mgeni mjini, siujui mlango wako. Nikawaomba wale wanawake wa vyumba vingine waje wakuite. Wakasema hutokuja. Hakuna aliyekwenda."

Zuhura akashika kichwa. "Wallahi ningekuja, mama. Ningekuja. Sikuitwa."

"Ulipoitwa kumwosha, ulikuja?"

Hakumuuliza kwa ukali. Alimuuliza kama mtu anayetaka kujua. Zuhura akainama, akakikunjakunja kile kitambaa. Yule mama akasema, "Radhi nakupa, kwa kuwa Mungu ametutaka tutoe. Lakini usije tena. Nikikuona, nalisikia lile gari la mumeo likipita."

Tukarudi mjini. Zuhura hakuchora tena maisha yake yote. Kile kikundi cha taarabu kilinunua pazia la maua dukani. Bi Raya alilikunja letu vilevile lilivyokatwa na kulifungia, na baada yake sijui lilikwenda wapi. Mimi niliendelea na rangi zangu peke yangu, nikapata riziki yangu, watu wakanisifu. Lakini kazi iliyopitiwa na mikono ya wenzangu sikuiona tena.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mimi sikukatazi kuwa na chama chako, wala rai yako. Gombaneni juu ya picha, mfutiane mistari, hayo ndiyo mapishi yake. Ninalokuusia ni hili: asikuchagulie mtu mwingine mlango wa kubisha na mlango wa kuupita. Mwenzako akiugua, nenda. Akifiwa, nenda, hata kama jana alikutukana. Na usingoje siku ya shida ndipo uoneshe kwamba ungekuja. Zuhura huenda alisema kweli siku ile. Lakini alikuwa ameishi kwa namna iliyowafanya wale wanawake wadhani hatokuja, na hapakuwa na hata mmoja wa kuwapinga. Ishi kwa namna ambayo mtu akisema mbele za watu, "Huyo hatokuja," wote waliokaa hapo wamshangae.

Huyo aliyeondoka na brashi zake anakaa wapi? Jang'ombe si mbali. Maliza chai uende, kabla hajaja mtu mwingine kukueleza kwa nini usiende. Mungu akunyooshee mkono wako, akupe wenzio wa kukufutia na kukuongezea, na siku mwenzako atakapokuita, akujaalie uwe umeshafika.