Kibao cha Munigi Kilichotoa Pole

Kuuliza watu maswali ambayo wewe mwenyewe umeshachoka kuyasikia ni kutwanga maji kwenye kinu. Damien alilijua hilo tangu wiki ya kwanza. Lakini mwanaume aliyefiwa na mke, akabaki na nyumba isiyosema naye, huchukua kazi yoyote inayomtoa nje asubuhi.

Ofisi ya barabara ilikuwa imesimamisha kibao cha umeme pale Munigi, kwenye mteremko ambapo malori ya kutoka Rutshuru huingia Goma mbio kana kwamba yanafukuzwa. Kilikuwa na maneno mawili ya taa, moja juu na lingine chini: POLE, POLE. Mvua ikanyesha, mstari wa chini ukazimika, na kwa kuwa vitu vya serikali huharibika upesi na kutengenezwa wakubwa wakipenda, likabaki POLE moja, jekundu, juu ya mawe meusi ya volkano. Damien alipewa simu ya ofisi ya kujazia majibu na kuagizwa awasimamishe madereva awaulize: umekiona kibao? Umeelewa kinasema nini? Umepunguza mwendo?

Wote walikiona na wote walipunguza mwendo. Swali la katikati ndilo lililoleta majibu asiyoyatarajia. Jeancy, dereva wa pikipiki wa hapo hapo Munigi, alivua kofia yake kwanza ndipo akajibu.

"Kinatoa pole, papa. Kuko mutu alikufaka hapa. Serikali iliweka hii juu ya kuheshimia marehemu."

Aliyemfuata alisema vivyo hivyo, na wa baada yake pia. Dereva mmoja wa lori la kabichi alitaka hata kujua kama matanga bado yanaendelea na apeleke wapi mchango wake.

Wala hawakukosea. Kahindo, mkewe Damien, aligongwa na lori mahali pale pale akivuka na kidumu cha maji. Kwao ni Butembo, na siku zile barabara ilifungwa na vita, kwa hiyo ndugu zake hawakufika. Alizikwa harakaharaka, na viti vya kukodi vikarudishwa kabla havijapata wa kuvikalia. Waliompa Damien mkono walikuwa wachache mno. Sasa kila gari lililoteremka lilinyamaza mbele ya neno lile, naye ameketi chini yake, akilipokea moyoni kama mfiwa apokeavyo wageni. Ilimfariji, na akaona haya kwamba inamfariji.

Hata hivyo hakuwa mtu wa uongo. Penye swali la katikati alibonyeza "hakuelewa", mmoja baada ya mwingine, na majibu yakaenda mjini. Mkuu wake, Micheline, akaja mwenyewe na habari aliyoiona njema: kama hakuna anayeelewa, basi fundi atatumwa mara moja.

"Mama Micheline, muache tu hivi," Damien akamwambia. "Hawaelewe, lakini wanapunguza. Batoto wanavuka."

Micheline hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, naye ana wakubwa wake wanaomsumbua. Akasema kibao cha serikali hakiwekwi barabarani kulia msiba wa mtu asiyejulikana. Damien angeweza kumwambia kwamba anajulikana, na kwamba walikaa naye nyumba moja tangu ujana.

Fundi akaja, taa zote zikawaka. Tangu siku hiyo kila aliyeulizwa alielewa barabara, na hakuna aliyepunguza mwendo. Jeancy alipita akicheka, akasema kumbe ni ile pole pole ya siku zote. Damien akabonyeza "ameelewa" mpaka kidole kikafa ganzi.

Ukingoni watoto walikuwa wamesimama na vidumu vyao. Msichana mmoja alitia mguu kwenye lami, lori likampigia honi, akaruka nyuma, na maji yakamwagika. Damien akatia simu ya ofisi mfukoni, akaingia barabarani na kuinua mkono.

Lori la makaa likafunga breki, likasimama mbele yake likitetemeka. Dereva hakuwa wa pale. Alitoa kichwa dirishani, uso umemkunjamana, akauliza kama muzee amepata wazimu ama anatafuta kifo.

"Kuko matanga hapa," Damien akasema. "Ni muke wangu alikufa. Uende pole pole."

Dereva akamtazama, kisha akazima redio. Akasubiri watoto wavuke wote, hata yule wa mwisho aliyekuwa akiburuta kidumu, ndipo akateremka kwa gia ya kwanza. Nyuma yake lilikuwa likija lingine, na Damien, mkono ukimuuma, akauinua tena.