Pilipili Iliyopasua Chupa

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile siku pilipili yetu ilipolipuka katika duka moja la Kansanga, jijini Kampala. Nywele zangu zilikuwa bado nyeusi. Mimi na mke wangu Neema tulikuwa tumetoka Bukavu, tukapanga nyumba Kisugu, na jikoni humo tukawa tunasaga pilipili, tunaipika na vitunguu saumu, tunaijaza kwenye chupa na kuiuza madukani. Watu waliipenda. Tatizo ni kwamba ilikuwa ikichacha ndani ya chupa, na siku hiyo ya joto vifuniko viliruka. Mwenye duka alinipigia simu.

"Njoo uchukue mabomu yako," akasema.

Nilipofika, shati lake lote lilikuwa jekundu, na wapita njia walikuwa wakicheka. Sisi hatukucheka, maana maduka mengine yalisikia na kuturudishia mzigo. Jiko letu lilikuwa karibu kufungwa.

Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kutoa ruzuku kwa biashara ndogo zilizokubali kufanya kazi na taasisi za utafiti. Yetu ilikuwa imesajiliwa, tukaomba, tukapata. Rafiki zangu walinitania waliposikia kwamba fedha zile hazitapita mikononi mwangu, zitalipia maabara na mtaalamu wa vyakula. Ruzuku gani hiyo, waliniuliza, ambayo hata huioni?

Mtaalamu alikuwa dada mmoja, Dakta Nakato, mcheshi na mpenda kula. Alipima, akaongeza siki, akachemsha muda mrefu. Chupa zikatulia kabisa. Neema alipoonja, akaweka kijiko chini.

"Dakta, hii haipasuki. Lakini si pilipili yangu."

"Mama, unataka ladha, ama unataka chupa zikae salama?"

"Nataka vyote viwili."

Wakanuniana. Nami niliyekuwa katikati yao nikaanza kufikiri afadhali tujitoe.

Aliyetuokoa ni mama mwenye nyumba, tuliyemwita Jjajja, yaani bibi, kama wanavyosema Waganda. Alikuwa mjane wa askari, na Kiswahili chake alikiokota kambini. Alitukuta kila mtu anaangalia ukuta wake, akashika kiuno.

"Nyinyi watu," akasema, "serikali nawalipia mwalimu, mwalimu iko hapa, halafu munanuna? Wewe dakitari, uriza huyu mama napika namna gani. Na wewe mama, sema yote. Usifiche."

Hasira ziliisha hapo hapo. Neema akasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiiacha pilipili iliyosagwa ikae mtungini siku nyingi kabla ya kuipika, jambo ambalo sisi tulilitupa kwa haraka za mjini. Nakato akasogeza kiti.

"Basi ndiyo hiyo," akasema. "Tuiache imalize kuchacha kwenye pipa, kisha tuipike, tuijaze ingali moto."

Wakafanya kazi pamoja, mmoja na vipimo vyake, mwingine na kijiko chake, wakibishana na kucheka. Chupa zikakaa salama, na ladha, mwanangu, ikawa tamu kuliko ya mwanzo. Yule mwenye duka wa Kansanga alikubali kuonja, ila chupa aliifungua akiwa ameishika mbali na shati. Akatokwa na machozi, akaagiza mzigo.

Wewe sasa unatengeneza mtindi wako huko Kalerwe, na unaniambia ruzuku zimetangazwa tena. Omba. Usiidharau kwa kuwa haiji mfukoni. Utakachojifunza kitabaki kwako hata ruzuku ikiisha. Mtaalamu akija, mfungulie jiko lote, mweleze hata yale unayoyaona madogo. Jibu lake lisipokuridhisha, mwambie kwa heshima, kisha kaa naye mtafute jingine. Usiondoke mezani, wala usimwache yeye aondoke.

Mungu abariki mikono yako na kila anayeshirikiana nawe. Akupe kazi ya kukufurahisha, na wateja wanaorudi na majirani zao.