Kikohozi Katika Stoo ya Makaa

Mjukuu wangu akimwaga makaa, lile vumbi hunirudisha utotoni, mtaani Kitisuru, katika stoo ya makaa ya mzungu aliyemwandika mama kazi. Nilifichwa humo mchana kutwa. Watoto wa watumishi hawakutakiwa. Ningeonekana, tungefukuzwa sote.

"Kohoa nikiimba tu," mama aliniambia, akipiga pasi mlangoni na kuimba nyimbo za kanisani.

Siku moja memsahibu, bibi mwenye nyumba, akaja. "Wacha kelele! Kichwa yangu nauma."

Mama akanyamaza. Koo likaniwasha kama pilipili. Nikauma gunia, nikamwambia Mungu bila mdomo: nishike koo. Akashika.

Leo kanisani wenzangu hupaza sauti wakiomba. Mimi hufumba mdomo.

"Nyanya, umelala?" wajukuu hunicheka.

Sijalala. Hivyo ndivyo tulivyojuana, mimi na Mungu.