Malengelenge Nyuma ya Kitanda

Shemeji yangu alikuwa fundi rangi, na uvumilivu wake ulikuwa unakera kupita kiasi. Mwenye nyumba anahangaika ahamie upesi, yeye anaweka kiganja ukutani na kutikisa kichwa. "Haujakauka huu. Subiri." Watu wakampa jina la Subiri, likamganda. Hata dada yangu, mkewe, alimtania kwamba siku alipokuja nyumbani kujitambulisha alikaa kimya mpaka chai ikapoa, baba akabaki anajiuliza kama kijana amekuja kutafuta mke au kupumzika.

Alikuwa na tabia nyingine mbaya zaidi. Ukuta ukitoa unga mweupe, aliugusa kwa kidole, kisha akaonja. Eti chumvi ya plasta huijui mpaka uilambe. Nilimwambia kuna siku atalamba sumu. Alicheka tu.

Dada alipougua nilihamia kwao kumuuguza. Daktari alitupa moyo: kuna dawa ya unga, ikorogwe kwenye maji asubuhi na jioni, akiinywa bila kuruka, atasimama tena. Subiri aliifanya hiyo kuwa kazi yake. Alikoroga taratibu, akaonja kwanza yeye, akakunja uso ili mkewe acheke. "Chungu kweli, mama watoto. Lakini vumilia." Kisha alitoka, kwa sababu dada hakutaka kutazamwa akinywa. Glasi ilirudi tupu kila mara. Dada naye alizidi kukonda, na sisi tukazidi kumlaumu daktari.

Siku moja nimempeleka dada kuoga, Subiri akavuta kitanda ili afagie. Akakuta rangi nyuma yake imevimba malengelenge, na chini imelegea, inaning'inia kama utando wa maziwa. Nilifurahi, nasema kweli. Fundi mzima, kwake kunabanduka!

Yeye hakucheka. Alipasua lengelenge moja kwa ncha ya kisu akakuta plasta tupu, imelowa. Kwa hiyo maji yapo, akasema, ila yanatoka wapi? Upande wa nje ukuta ulikuwa mkavu. Paa halivuji. Bomba la karibu liko jikoni, mbali na hapo. Akakwangua rangi yote mbovu, akaacha pakauke, kisha akabandika kipande cha nailoni, kingo zote akaziba kwa gundi. Aliniambia kwamba maji yakitoka ndani ya ukuta, nailoni italowa kwa ndani. Kisha akakirudisha kitanda mahali pake.

Alipokuja kukivuta tena, nailoni kwa ndani ilikuwa kavu kabisa. Kwa nje ilikuwa na michirizi myeupe iliyoshuka kutoka usawa wa godoro.

Nilikuwa naosha vyombo alipoingia jikoni, kidole kimoja amekiinua mbele yake kama kimeungua.

"Si chumvi, shemeji," alisema. "Ni chungu."

Sikuelewa. Akaketi kwenye kigoda. "Ndiyo ile ninayoonja kila siku. Anaimwaga ukutani, polepole, tusisikie."

Hasira ilinipanda, nikatupa kitambaa, nikataka niingie nikamfokee. Tumekesha naye, tumembeba, kumbe anatuchezea! Subiri akanishika mkono. Nikaanza kulia kabla yake.

Asubuhi iliyofuata alikoroga dawa kama kawaida, akaonja, lakini hakukunja uso. Aliiweka glasi karibu na mto. Kisha akaweka beseni sakafuni, pale mkono wa dada unapofika bila kujinyoosha. Dada aliliona beseni, akafumba macho.

"Tangu lini?" Subiri aliuliza.

"Tangu mwanzo mwanzo. Inanichoma tumbo, baba watoto. Nimechoka. Nilitaka kukuambia, nikikuona unavyokoroga, nashindwa."

Alikaa kitandani, akamfunika miguu. Mimi nilisimama mlangoni namwomba Mungu amfanye mkali, hata kwa siku hiyo moja tu, amshike kichwa mkewe na kumnywesha kwa nguvu kama mtoto.

"Ukiweza, kunywa," alisema. "Nitafurahi sana. Usipoweza, mwaga humu. Ila usijifiche tena na mimi."

Dada alimpapasa shavu. Alilia, akasema atajaribu, na Subiri akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kazini na ngazi yake begani.

Jioni alirudi, akakoroga nyingine, akaipeleka. Baadaye niliingia kuchukua beseni. Lilikuwa na maji meupe, ya asubuhi na ya jioni. Nilipogeuka nilimkuta Subiri mlangoni, anatazama nilichobeba. Akasogea pembeni, akanipisha nikamwage.