Weldon Anasikiliza Dizeli

Mume wangu Weldon hanunui gari kwa macho. Ananunua kwa masikio, na hayo masikio yamenichosha miaka mingi. Akisikia kuna pikapu ya dizeli inauzwa mahali, ataamka kabla ya jogoo, avae koti la mvua, afike kwa watu kabla hawajanawa uso. Anasema dizeli husema ukweli ikiwa baridi, na baridi yetu ya huku kwenye chai haina huruma. Injini mbovu itakohoa mpaka mwenyewe aone aibu. Ikishapashwa moto, hata kuukuu itaimba. Kuna mtu wa Litein alimkaribisha vizuri sana, lakini Weldon alipoweka mkono kwenye boneti akakuta ina joto. Alikunywa chai ya watu, akashukuru, akarudi nyumbani.

Ujuzi huo aliupata akiendesha trekta za kampuni ya chai. Alipoacha kazi alianza kubeba maziwa yetu na ya majirani kwa pikipiki hadi kituo cha kupozea. Mvua zilizopita alianguka kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu, maziwa yakamwagika yote mtaroni, na goti likaharibika. Nilimkanda kwa maji moto huku nikimgombeza, kwa sababu ningenyamaza ningelia. Daktari kule Longisa alimwambia pikipiki basi. Kwa hivyo, wewe usidhani gari ilikuwa ya kujionyesha. Bila gari, kazi ya maziwa ilikuwa imekwisha, na mimi namjua Weldon: ukimkalisha bure nyumbani, ataugua.

Watu kanisani walimshauri achukue kigari cha petroli, bei yake ni ya chini. Weh! Aliwahubiria mpaka pasta akaangalia saa. Dizeli hainywi sana. Dizeli inapanda mlima na mzigo wake ikinung'unika tu, kama mama mkwe, lakini inafika.

Halafu akampata mwalimu Okello, mstaafu wa Kericho mjini. Pikapu yake ililala nje kwenye baridi, ikawaka mara moja, moshi safi. Weldon alirudi akitabasamu peke yake njiani. Okello alisema ataiweka mpaka Jumamosi. Baada ya hapo itaenda kwa mnunuzi wa Fort Ternan.

Sasa pesa. Bonasi ya chai ilifika nusu ya bei. Sacco walitaka hati ya shamba, nikakataa kabisa. Shamba haliendi kulala kwa watu. Kulipa kidogo kidogo, yeye mwenyewe aliogopa: chai ikishuka bei mwezi mmoja tu, wanakuja kuivuta gari watoto wakiangalia. Ikabaki ng'ombe, na ng'ombe wa maana pale bomani ni wangu.

Kwetu Wakipsigis, bibi arusi akifika kwa mume husimama mlangoni. Hakanyagi ndani mpaka aahidiwe ng'ombe. Mimi nilisimama mpaka mama mkwe akanipa mtamba, na Chelel na binti yake ni uzao wa yule mtamba. Ng'ombe kama huyo mume hauzi. Hata kumtaja tu, ulimi unakuwa mzito.

Mimi nilikuwa nimeshakubali moyoni, lakini nilitaka kuombwa. Nikangoja. Mwanamume akazunguka zizi, akakagua ua ambao haukuwa na shida yoyote, akaniuliza kama chumvi ya ng'ombe imeisha. Ijumaa, tukila, akaanza kuisifu petroli. Ati ni nyepesi, ati haina kelele. Sizitaki mbichi hizi! Hasira ilinipanda, nikachukua ndoo nikaenda kukamua. Mtu aliyeidharau petroli mbele ya kanisa zima, leo anaisifu kwa kuogopa mke wake?

Alinifuata zizini akichechemea.

"Baba Nelvine," nikamwambia bila kugeuka, "mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sema unachotaka."

Alivua kofia.

"Naomba ng'ombe wako, Mama Nelvine. Na ukikataa, sitakuwa na kinyongo."

Nilikuwa na maneno mengi nimemwekea, ya miaka. Yote yalipotea. Nilisema tu, "Chukua," nikalia kwenye shingo ya Chelel kama mtoto. Asubuhi yake Mageto, jirani yetu kutoka Kisii, alimnunua pamoja na binti yake. Angalau ningewaona ng'ambo ya ua.

Jumamosi hiyohiyo tukaenda kwa Okello, tukalipa, tukaingia saiba, duka la intaneti, pale mjini kubadilisha jina la mwenye gari. Mimi nilikaa kwenye benchi nyuma, na miguu yangu ya matope, nikingoja wanaume wamalize mambo yao. Msichana wa kompyuta akamwomba Weldon kitambulisho.

"Si changu," Weldon akasema. "Andika huyu mama, Chemutai. Gari ni ya ng'ombe wake. Mimi ni dereva."

Okello akacheka, akifikiri ni mzaha. Weldon hakucheka. Alinigeukia, akanyoosha mkono akingoja kitambulisho. Nikafungua mkoba.