Kitabu Kimoja, Watoto Wawili

Ukikaribishwa chai kwa shangazi Elieth, ujue kile kifuko cha majani kimeshamhudumia mtu kabla yako, na baada yako kuna mwingine anakisubiri. Vifuko vinaanikwa juu ya sinki la jikoni kwa vibanio vya nguo, jirani na mifuko ya plastiki iliyooshwa. Nyumba iko Temple Hills, jimbo la Maryland, ya matofali, imara, na wakati wa baridi hita yake inashushwa mpaka mahali ambapo ukisahau samaki mezani Jumatatu, Alhamisi unamkaanga bila wasiwasi. Watoto wanasoma wamevaa makoti. Laurean, mumewe, anaendesha basi dogo la kupeleka wasafiri uwanja wa ndege, na nimeshamwona zaidi ya mara moja akirudi kazini, anakaa nje ndani ya gari dakika kumi na tano, anamalizia joto.

Mimi nakaa chumba cha chini. Baba yangu ni kaka yake, kwa hiyo hakunitoza kitu. Alichotaka ni shukrani na gari langu. Hasa gari.

Lakini kabla sijamcheka nimpe haki yake: ni mwalimu. Miaka tisa alifundisha shule ya msingi kule Rungwe, watoto themanini na nusu ya chaki, na mpaka leo kuna watu wazima Mbeya wakisikia jina lake wananyoosha migongo. Huku Marekani cheti chake kilimpatia ufagio. Alisafisha ofisi za watu mpaka Lusekelo, bintiye wa kwanza, alipofika umri wa kwenda shule. Hapo akatangaza kwamba Bwana amemwonyesha awasomeshe wanawe nyumbani. Sheria ya Maryland inaruhusu, na Bwana, kwa bahati nzuri, alikuwa amemwonyesha kitu alichokitaka kuliko vyote duniani: darasa. La wanafunzi wawili tu, lakini darasa.

Darasa lilikuwa meza ya kulia. Saa mbili kamili asubuhi aligonga kijiko kwenye glasi, watoto wakasimama. "Shikamoo, mwalimu." Sala, wimbo, aya ya kukariri, kisha hesabu. Kuanzia hapo mpaka saa tisa hakukuwa na mama ndani ya nyumba ile. Siku moja Sebastian, wa pili, alijisahau akaita "Mom!" Akaambiwa mama yake ametoka, atarudi saa tisa. Ndivyo walivyo wale watoto: Kiswahili wanakisikia chote, ila jibu linatoka kwa Kiingereza. Majibu yao mimi ninayaandika kwa Kiswahili tusichoshane.

Sasa kuhusu kitabu. Lusekelo ana miaka kumi na miwili, Sebastian kumi na mmoja. Shangazi aliwaunganisha kiwango kimoja ili kitoshe kitabu kimoja cha kila somo. Vitabu vya mazoezi vya huku unaandika majibu humo humo ndani. Basi asubuhi Lusekelo anafanya ukurasa kwa penseli. Shangazi anasahihisha, naye kwa penseli, vema, vema, vema. Halafu Lusekelo huyo huyo anachukua ufutio, anafuta ukurasa mzima, majibu pamoja na vema zake, anapuliza vumbi, anamsogezea mdogo wake. Mchana Sebastian anafanya ukurasa ule ule. Wa Sebastian unabaki, maana baada yake hakuna mtoto.

Tatizo moja: ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha unaona mikwaruzo ya majibu yaliyofutwa, na Sebastian alikuwa na macho mazuri sana kwa mtoto asiyependa hesabu. Kwa hiyo Lusekelo akawa anaambiwa kila siku, "Usikandamize penseli." Sentensi hiyo aliisikia kuliko aya yoyote ya Biblia, na Biblia aliisikia sana.

Siku moja nilipanda kufuata chai nikamkuta anafuta desimali.

"Lusekelo," nikamwambia, "wewe humu siyo mwanafunzi. Wewe ni mtu wa kumpashia Sebastian kitabu joto."

Hakucheka. Alinitazama, akaendelea kufuta. Nikadhani mzaha haujaeleweka. Ulieleweka.

Mpaka mwaka juzi darasa la shangazi lilisimamiwa na kikundi cha kanisa moja la Wamarekani. Wale walikuwa wanakutazama usoni, wanaomba nawe, wanasaini. Ila kikundi kina ada ya mwaka. Shangazi akagundua kwamba wilaya nayo inasimamia, tena bure. Neno "bure" linampandisha roho haraka kuliko "haleluya". Alichosahau kuuliza ni kwamba watu wa bure wanataka kuona. Wilaya inataka jalada la kila mtoto, lenye kazi alizofanya katika kila somo. Usipokuwa na kazi, unapewa siku thelathini. Zikiisha, mtoto aende shule.

Walipangiwa Jumanne moja ya Januari, saa nne asubuhi, kwenye chumba kidogo cha maktaba. Niliwapeleka mimi. Mkaguzi alikuwa bibi mmoja mwalimu mstaafu, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo, mpole kama mtu anayetaka kwenda kula. Akapekua kitabu cha hesabu, akatabasamu.

"Za Sebastian nimeziona, nzuri. Za Lusekelo?"

Shangazi akamsogezea kitabu kile kile.

"Hiki ni cha Sebastian."

"Ni cha wote wawili."

"Lakini mwandiko ni wa Sebastian."

"Wa Lusekelo umefutwa."

"Na nani?"

"Na Lusekelo." Kwa fahari, naapa, kama mtu anayeeleza kwamba bintiye anajifulia soksi mwenyewe.

Bibi akavaa miwani. "Tuangalie sayansi."

"Tuliotesha maharage kwenye pamba."

"Naweza kuyaona?"

"Tuliyapika."

"Mlipiga picha?"

"Picha ya maharage?" Shangazi alishangaa kweli.

"Na sanaa?"

"Walifinyanga ramani ya Afrika kwa unga wa ngano." Bibi akasubiri. Shangazi akashusha sauti. "Ilibidi tuikaange."

"Madagaska iliungua," nikachangia kutoka kwenye kona. Jicho nililokatwa pale mpaka leo lina kovu.

Yule bibi akafunga jalada, ambalo lilikuwa boksi la nafaka za asubuhi lililokatwa vizuri. Angeweza kuandika barua yake akaondoka. Badala yake akasema, "Mama, nimefundisha miaka thelathini, sikuja kukubomolea nyumba. Niache nimsikie binti mwenyewe." Akachomoa karatasi nyeupe, akamwekea Lusekelo mbele pamoja na kalamu. Kalamu ya wino. "Niambie chochote ulichojifunza mwaka huu. Au nifanyie hesabu moja tu hapa. Nitaitia kwenye jalada, tutaanzia hapo."

Lusekelo akaiangalia ile kalamu.

"Mfanyie zile za treni mbili, mwanangu," shangazi akasema kwa Kiswahili. "Zile unazozijua mpaka kwa kichwa. Mwanangu, mfanyie."

Ilikuwa saa nne asubuhi, muda wa masomo, na amesema mwanangu. Mara mbili.

Na Lusekelo, ambaye miaka kumi na miwili amenijibu mimi, wazazi wake na Mungu kwa Kiingereza, akamjibu mama yake kwa Kiswahili kilichonyooka, taratibu, kama amekifanyia mazoezi:

"Sikumbuki, mama. Vyote nimefuta."

Bibi akauliza mtoto amesema nini. Aliyemtafsiria ni shangazi mwenyewe. Angeweza kusema lolote, binti anaumwa, binti ana aibu, nani angejua? Akatafsiri neno kwa neno. Ndiyo shida ya kuokoka.

Siku thelathini zikaanza. Shangazi akaenda dukani akanunua daftari jipya, zima, la Lusekelo peke yake. Nilikwenda kulishika nihakikishe. Kazi ilikuwa nyepesi: mtoto arudie kurasa chache za kila somo, jalada lijae, darasa lipone. Kila asubuhi kijiko kiligonga glasi, Lusekelo alisimama, "Shikamoo, mwalimu," akakaa, akakunja mikono. Hakuandika hata jina lake. Hakuwa na kiburi cha kelele, hapana. Alikaa kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua litakuja.

Wiki ya kwanza shangazi alifunga na kuomba. Wiki ya pili alimkataza kwaya ya vijana. Wiki ya tatu alimpiga kofi moja, kisha akajifungia bafuni, akafungulia maji, na yale maji yakamwagika muda mrefu bila mtu kuyakinga kwenye ndoo. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

"Shangazi, si umpeleke tu shule?" nikamwambia.

"Wewe ulipelekwa shule. Imekufikisha wapi? Chini ya sakafu yangu."

 Nikaomba chai.

Kanisani nako habari ilishafika. Tunasali Wheaton, ibada ya Kiswahili, na baada ya ibada kuna chai na maandazi ukumbini. Shiku, Mkenya anayehudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, hana breki mdomoni. Alimsubiri shangazi pale kwenye chupa ya chai, watu wamejaa.

"Wee, Mama Lusekelo! Kufuta kitabu ni sawa, hata sisi tulikuwa tunafuta. Lakini kufuta mtoto? Ai, hiyo sasa ni noma!"

Ukumbi ulicheka mpaka mzee wa kanisa akaweka andazi chini. Jumapili iliyofuata watoto wadogo wenyewe walikuwa wanamwita Mwalimu Ufutio. Nani alimpelekea Shiku habari? Usiniulize. Mtu akipewa hadithi kama ile atakaa nayo peke yake chumba cha chini? Shangazi naye alicheka, meno yote nje. Halafu akazunguka ukumbini anakusanya vikombe vya karatasi akavioshe, na kila aliyempa kikombe alikuwa bado anacheka.

Siku ya ishirini na saba nilipanda mchana. Watoto walikuwa wametoka na baba yao. Shangazi yuko mezani peke yake, amevaa koti, daftari jipya liko wazi mbele yake, penseli ameishika kwa mkono wa kushoto, ulimi umetoka kidogo. Alikuwa anaandika hesabu za treni kwa mwandiko wa bintiye. Zile "a" za mviringo, zile saba zenye mkanda kiunoni. Kurasa sita zimejaa. Alizipata vizuri, ningekuwa mkaguzi ningesaini.

Aliponiona hakuruka. Aliniangalia kama mimi ndiye niliyekutwa.

"Nilikuwa najaribu tu penseli," akasema.

Mara hiyo sikuwa na mzaha mdomoni, nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza. Akachukua ufutio. Akafuta kurasa zote sita, moja moja, bila haraka, akapuliza vumbi, akalifunga daftari, akalipangusa kwa kiganja.

"Bado jipya," akasema.

Siku ya thelathini Laurean, ambaye tangu nimjue sijamsikia akimaliza sentensi, alimaliza moja. "Kesho aende shule." Akaenda.

Asubuhi ile ya kwanza shangazi alimfungia chakula kwenye mfuko wa mkate uliooshwa, akavaa viatu ili amsindikize kwenye kituo cha basi la shule. Lusekelo akamwambia, kwa Kiingereza chake kile kile cha siku zote, kwamba afadhali asije. Tafadhali. Shangazi akavua viatu. Alimpungia mkono akiwa nyuma ya pazia, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kuona. Kisha akagonga kijiko kwenye glasi, Sebastian akasimama peke yake.

Wiki ya tatu ya shule Lusekelo alirudi na karatasi, akaiacha mezani kama unavyoacha tangazo la pizza. Shule imempima. Hesabu amepandishwa madarasa mawili mbele ya wenzake. Chini, kwa kalamu, mwalimu wa huko ameongeza: mtoto huyu ana msingi wa ajabu, alitokea shule gani?

Shangazi alisoma amesimama. Akasoma tena amekaa. Ndicho kitu alichokosa Januari, sasa kimekuja na muhuri wa shule.

"Lusekelo," akaita. Sauti nyepesi, ya mtu anayeuliza kama mvua inanyesha. "Hesabu hizi umezijulia wapi?"

Nilikuwa pale na kikombe changu. Sebastian alikuwa pale. Hata Laurean alishusha gazeti. Nyumba nzima ilijua anaomba nini, na kwamba hakigharimu kitu, ni neno moja tu.

Lusekelo alikuwa anafungua kamba za viatu. Hakuinua kichwa.

"YouTube," akasema, akapanda ngazi.

Nyumba ile haijawahi kuwa na intaneti. Hata mimi naiba ya jirani.

Shangazi alibaki ameishika karatasi. Akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe kabisa.

Ijumaa nilipopanda kufuata chai nilimkuta Sebastian kwenye meza ya kulia, koti limefungwa mpaka kidevuni, anagawanya desimali nyuma ya karatasi ile ile. Mwalimu amesimama juu ya bega lake.

"Usikandamize," akamwambia, ingawa hapakuwa na mtu wa kumfuatia.